Si kila kundi la seli ni seli mpya

Juma lililopita alinijia kliniki mwalimu mmoja mstaafu ambaye nimemtibu kisukari kwa miaka tisa sasa. Kabla hata sijampima presha, alitoa karatasi iliyokunjwa mfukoni akaitandaza mezani. Ilikuwa habari aliyochapishiwa na mjukuu wake, ikieleza kwamba wanasayansi wa ng'ambo, wakisaidiwa na kompyuta, wamegundua aina mpya ya seli katika kongosho.

"Daktari," akaniuliza, "ikiwa mwilini mwangu mna seli ambazo ninyi hamkuzijua miaka yote hii, si hata dawa mnazonipa ni za kubahatisha? Au niziache kwanza, nisubiri hizo zitakazotengenezwa?"

"La hasha, Mwalimu," nikamjibu. "Usiruke dawa hata siku moja."

Alikubali, lakini niliona kwamba hakuridhika. Na alikuwa na haki ya kutoridhika. Habari za namna hii siku hizi huja kila mwezi: leo ni seli mpya ya ubongo, kesho ya mapafu, kesho kutwa ya uvimbe wa saratani. Nyingi zinatokana na kazi moja, nayo ni kusoma jeni za seli moja moja na kuiachia kompyuta izigawanye katika makundi. Ni kazi kubwa na yenye manufaa. Hata hivyo, maoni yangu ni kwamba msomaji, na hata daktari, hapaswi kuamini kundi lolote kwa sababu tu kompyuta imelitoa. Kompyuta ikiambiwa igawanye itagawanya, makundi yawepo yasiwepo.

Macho peke yake hayatoshi

Kuweka seli katika makundi si jambo geni. Kila unapotolewa damu na kuambiwa usubiri majibu ya maabara, huenda chembe zako nyeupe zinahesabiwa na kuwekwa katika mafungu matano. Msingi wa kazi hiyo uliwekwa na Mjerumani Paul Ehrlich, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1870 alitia damu rangi na kuona kwamba si chembe zote zinazoinywa rangi kwa namna moja.

Lakini rangi nayo ina kikomo chake. Miongoni mwa chembe hizo nyeupe kuna zinazoitwa limfosaiti. Ukizitazama kwa hadubini zote ni kama mapacha: kiini kikubwa cha mviringo na ukanda mwembamba pembeni. Ndani ya mapacha hao kuna zile za CD4 na zile za CD8, na hakuna fundi wa maabara, hata awe hodari vipi, anayeweza kuzitenganisha kwa kuzitazama hivi hivi. Ilhali virusi vya Ukimwi huzitafuta hizo za CD4 na kuziangamiza. Ni familia ngapi humu nchini zilizojifunza neno hilo kwa machozi? Basi asije mtu akatuambia kwamba kugawanya seli ni mchezo wa wasomi. Makundi hayo yanahusu uhai wa watu.

Mwili wa mtu mzima una seli trilioni 30 au zaidi. Ukiondoa chembe nyekundu za damu, ambazo hazina kiini, karibu zote zimebeba jeni zile zile, kama 20,000 zinazotoa maagizo ya kutengeneza protini. Tofauti kati ya seli ya ini na seli ya jicho ni kwamba kila moja imewasha baadhi ya jeni na kuzima nyingine. Jeni ikiwashwa hutoa nakala zake, na nakala hizo zinaweza kuhesabiwa.

Zamani mtafiti alilazimika kusaga kipande kizima cha nyama ndipo ahesabu nakala hizo, na alichopata kilikuwa wastani wa seli maelfu kwa maelfu. Mwaka wa 2009, watafiti wa Cambridge, Uingereza, walifaulu kusoma jeni zilizowashwa ndani ya seli moja pekee. Kufikia mwaka wa 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walikuwa wakifungia kila seli ndani ya tone dogo la maji lililozungukwa na mafuta. Kwa njia hiyo walisoma seli 44,808 za retina ya panya, na hesabu zao zikatoa makundi 39.

Belo la Gikomba

Makundi hayo 39 yalipatikana vipi? Hebu msomaji fikiria mwanabiashara wa Gikomba aliyefungua belo la mitumba asubuhi. Nguo zimemwagika chini. Anaanza kuchambua: za watoto huku, za akina mama kule, zile za daraja la kwanza, ambazo wenyewe huziita kamera, anaziweka kando. Je, belo hilo lina mafungu mangapi? Jibu halikuandikwa popote. Anayeuzia wanafunzi atapata mafungu matatu. Mwenye duka la mitindo katikati ya jiji atapata kumi na matano. Nguo ni zile zile.

Mtafiti wa seli ana belo la nguo elfu arubaini na zaidi, na kila nguo ina sifa 20,000 za kutazamwa. Kwa hiyo huanza kwa kupunguza sifa. Njia anayoitumia mara nyingi inatokana na kazi ya mwanatakwimu Mwingereza Karl Pearson ya mwaka wa 1901. Ni kama kuangaza taa kwenye mkono na kutazama kivuli chake ukutani. Taa ikikaa upande mmoja, kivuli huwa fimbo tu. Ikikaa upande mwingine, unaona vidole vyote vitano. Hesabu hutafuta pande zinazoonyesha tofauti nyingi zaidi, na zile sifa 20,000 hubaki kama 30 au 50.

Baada ya hapo seli hutafutiwa majirani. Kila moja huunganishwa na zile zinazofanana nayo zaidi, tuseme 15 au 20. Panapokuwa na nyuzi nyingi za ndani kwa ndani na chache za kutoka nje, kompyuta husema, hapa pana kundi. Ni kama mtaa ambamo watu wanajuana wao kwa wao na wana marafiki wachache ng'ambo ya barabara. Kanuni mbili zinazotumika sana kwa kazi hii zimepewa majina ya miji: ile ya Louvain, iliyotoka Ubelgiji mwaka wa 2008, na ile ya Leiden, iliyotoka Uholanzi mwaka wa 2019. Hii ya pili ilikuja kurekebisha kasoro ya ya kwanza, ambayo wakati mwingine iliweka katika kundi moja seli zisizounganishwa na uzi wowote.

Kuna pia njia ya zamani zaidi, iliyopewa jina mwaka wa 1967, ambayo humtaka mtafiti ataje mwenyewe idadi ya makundi. Akisema matano atapewa matano, akisema hamsini atapewa hamsini. Kanuni za Louvain na Leiden haziulizi idadi, lakini zina kitu kama kile kidude cha kuongeza sauti ya redio. Ukikizungusha kidogo unapata makundi manane, ukizidisha unapata thelathini. Hakuna alama inayosema hapa ndipo penye ukweli. Mkono unaokizungusha ni wa binadamu.

Namna tunavyoweza kudanganyika

Hapo ndipo penye shaka yangu. Kwanza, mashine hizi hunasa sehemu tu ya nakala zilizomo ndani ya seli. Katika zile za matone si ajabu tarakimu tisa katika kila kumi kuwa sufuri. Sufuri moja ina maana kwamba jeni imezimwa. Nyingine ina maana kwamba jeni inafanya kazi lakini nakala zake hazikunaswa. Seli mbili zilizo ndugu zinaweza kuonekana wageni kwa sababu ya bahati tu.

Pili, mara nyingine seli mbili huingia katika tone moja. Kompyuta huziona kama seli moja yenye tabia za pande zote mbili, na mtafiti mwenye pupa akatangaza kwamba amepata aina mpya. Seli inayokufa nayo hubadilika sura, ikaonekana kama kabila jipya. Hata siku ina lake: sampuli zilizosomwa Jumatatu na zile za Alhamisi zinaweza kutengana kwa sababu dawa za maabara zilikuwa tofauti, wala si kwa sababu ya maradhi.

La tatu ndilo kubwa. Mwalimu akiwapanga wanafunzi mistari miwili, warefu huku na wafupi kule, kisha akapima urefu wao na kutangaza kwamba amegundua tofauti kubwa kati ya mistari hiyo, tutamcheka. Amepima kile kile alichokitumia kuwapanga. Lakini utafiti mwingi wa seli hufanya hivyo hivyo: jeni hutumika kuunda makundi, kisha jeni zile zile za seli zile zile hutumika kuthibitisha kwamba makundi yanatofautiana. Hesabu ya aina hiyo haiwezi kushindwa, na mtihani usioweza kushindwa haujathibitisha kitu. Wanatakwimu wameligundua kosa hili na wametoa njia za kulikwepa. Kazi iliyobaki ni kuzifuata.

Na zile picha nzuri zenye visiwa vya rangi nyekundu, buluu na kijani? Nazo zina ujanja wake, kwani kukunja maelfu ya sifa ziwe picha bapa hakuwezekani bila kupotosha umbali kati ya seli. Mwaka wa 2023 Tara Chari na Lior Pachter wa Marekani walichapisha makala ya kukosoa picha hizo. Ili kuonyesha hatari yake walitunga njia ya kuzipanga seli katika umbo lolote wanalotaka, likiwemo la ndovu, na bado kulingana na vipimo vyao ndovu huyo hakuwa mbaya kuliko picha za kawaida. Basi msomaji ukiona visiwa, kumbuka ndovu.

Kundi lililothibitishwa

Nisije nikaeleweka vibaya. Sisemi kwamba kazi hii ni bure. Mwaka wa 2018 timu mbili za watafiti zilitangaza wakati mmoja kwamba zimepata seli adimu katika njia ya hewa, takriban moja katika kila mia. Waliiita ionosaiti, kwa kuwa inafanana na seli zinazosawazisha chumvi katika mashavu ya samaki na ngozi ya chura. Jambo la kushangaza lilikuwa kwamba seli hiyo adimu ilikuwa imewasha kwa nguvu jeni ya CFTR, ambayo ikiharibika huleta ugonjwa mzito wa mapafu uitwao sistiki faibrosisi, unaowapata zaidi watu wenye asili ya Ulaya. Jeni hiyo ilikuwa imejulikana tangu mwaka wa 1989.

Watafiti hao hawakuridhika na neno la kompyuta. Waliitafuta seli hiyo kwa hadubini wakaiona, na walipozima jeni inayoiongoza katika panya, CFTR ikapungua. Isitoshe, timu mbili zisizotegemeana ziliifikia. Kundi likasimama.

Lakini hata hapo mambo hayakuishia. Mwaka wa 2021 watafiti wengine wa Marekani walionyesha kwamba kwa binadamu, sehemu kubwa ya CFTR katika njia ya hewa inatoka kwa seli za kawaida zinazotoa majimaji, kwa kuwa ni nyingi mno kuliko ionosaiti. Seli ilikuwa ya kweli, lakini cheo walichoipa kilikuwa kikubwa kupita kiasi. Hivyo ndivyo sayansi inavyofaa kwenda: kutangaza, kukaguliwa, kusahihishwa.

Ramani ya nani?

Tangu mwaka wa 2016, ulipokutanishwa mkutano wake wa kwanza jijini London, mradi wa kimataifa wa Atlasi ya Seli za Binadamu umekuwa ukichora ramani ya seli zote za mwili. Lengo ni kwamba siku moja seli za mgonjwa zilinganishwe na za ramani hiyo, ijulikane zipi ni nzima na zipi zimeharibika. Ni lengo zuri. Lakini sampuli nyingi katika utafiti wa aina hii hadi sasa zimetoka kwa watu wa Ulaya na Marekani Kaskazini.

Hilo lina uzito gani? Sisi madaktari wa Afrika tayari tunalijua jibu. Watu wengi wa bara hili hawana alama iitwayo Duffy juu ya chembe zao nyekundu, hali ambayo huwapa kinga kubwa dhidi ya malaria ya aina ya vivax. Hali hiyo hiyo huandamana na idadi ndogo ya neutrofili, zile chembe nyeupe ambazo ni askari wa kwanza dhidi ya bakteria, katika damu inayozunguka. Si ugonjwa. Lakini viwango vilivyotokana na damu ya Wazungu vikitumika, mtu mzima wa afya huwekwa katika kundi la wagonjwa. Nimemwona kijana aliyekosa usingizi kwa majuma akidhani ana saratani ya damu, kumbe damu yake ni ya kawaida kabisa kwa watu wa kwao. Ikiwa hesabu ya mafungu matano imetupotosha hivi, sembuse ramani ya makundi mamia?

Mpaka una gharama

Kuna mama mmoja ninayemkumbuka kila ninaposoma habari hizi. Ilikuwa mwaka wa 2007, nikiwa daktari mchanga katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Alikuwa muuza mboga, na alikuwa na virusi vya Ukimwi. Mwongozo tuliokuwa tukiufuata ulisema dawa zianze CD4 zikishuka chini ya 200. Zake zilikuwa 214. Hakuwa na kikohozi wala homa.

"Mama, bado," nilimwambia. "Rudi baada ya miezi sita."

Alinishukuru, akaondoka akiwa na furaha kwamba amewekwa katika kundi la wenye nafuu. Alirudi kabla ya miezi sita, akibebwa na kaka zake, kifua kikuu kimemmaliza. Alifariki siku ya tatu.

CD4 hupanda na kushuka hata kati ya asubuhi na jioni. Angepimwa siku nyingine huenda angepata 190, akapewa dawa. Mimi niliuona ule mstari wa 200 kama ukuta uliojengwa na Mungu, kumbe ulikuwa umechorwa na watu kwa ushahidi waliokuwa nao siku hizo. Ushahidi ulipoongezeka mstari ulisogea. Shirika la Afya Duniani liliufikisha 350 mwaka wa 2010, 500 mwaka wa 2013, na mwaka wa 2015 likaufuta kabisa, likasema kila mwenye virusi aanze dawa. Mwongozo haukunikataza kufikiri wala kumwambia arudi baada ya majuma manne. Kosa hilo nimelibeba mwenyewe.

Ndiyo maana sikubali mtu anaponiambia kwamba takwimu ni kazi ya watu wa kompyuta, daktari apewe majibu tu. Makundi ya seli yanakaribia kuingia hospitalini, na siku yatakapoingia yatakuja na mistari yake: wewe upewe dawa hii, wewe usubiri. Daktari asiyejua mstari ulichorwaje atausujudia, kama nilivyousujudia mimi.

Vyuo vyetu vya udaktari basi viwafundishe wanafunzi takwimu kwa bidii ile ile wanayofundishwa kupasua maiti. Sampuli za Wakenya zinaposafirishwa ng'ambo, wanatakwimu wetu wawepo mezani hesabu zinapofanywa, wala wasiletewe karatasi ya kutia sahihi mwishoni. Tunayo sababu yetu wenyewe. Mwaka wa 2019 watafiti wakiongozwa na taasisi ya Wellcome Sanger ya Uingereza walitoa atlasi ya vimelea vya malaria, kimelea kimoja kimoja, tangu tumboni mwa mbu hadi kwenye ini na damu. Kundi moja la vimelea hivyo ndilo linalonyonywa na mbu na kupelekwa kwa mtu mwingine. Kulijua kundi hilo barabara ni jambo linalomhusu mzazi wa Kisumu kuliko mtu yeyote wa London.

Nawe msomaji, utakapokutana tena na habari ya seli mpya, uliza maswali matatu. Je, kundi hilo limepatikana katika watu wengine na maabara nyingine? Je, limeonekana kwa njia nyingine isiyo ile hesabu iliyolizaa? Na seli hizo zilitoka kwa nani? Habari ikikosa majibu hayo, isome, ifurahie, lakini usibadilishe dawa zako kwa ajili yake.

Mwalimu wangu niliyaandika maswali hayo nyuma ya karatasi yake ile ile. Aliyasoma mara mbili, akatikisa kichwa kama anayesahihisha insha, kisha akaiandika alama ya kuuliza, kubwa, kando ya kichwa cha habari. Halafu akakunja mkono wa shati, nikampima presha.